Neema na Deni: Uchanganuzi wa Dhana ya Neema katika Tungo, Sanaa na Mafundisho ya Kikristo

Utangulizi

Waswahili husema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Methali hii si ushauri kuhusu fedha tu. Imebeba mtazamo mzima kuhusu haki. Mchumia juani hulia kivulini, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika kauli hizi zote kuna mizani iliyosawazishwa: upande mmoja umewekwa jasho, upande wa pili umewekwa ujira. Anayepata bila kutoa hutiliwa shaka, na anayekopa bila kulipa huitwa mdanganyifu.

Dhana ya neema katika Ukristo huiondoa mizani hii mezani. Inadai kwamba kuna deni ambalo mdaiwa hana uwezo wa kulilipa kamwe, na kwamba mdai mwenyewe amelifuta. Hili ndilo dai linaloyashikamanisha mafundisho ya Mtume Paulo, nyimbo za ibada zinazoimbwa kutoka Busia hadi Lamu, michoro ya makanisani na riwaya kadhaa mashuhuri za ulimwengu. Hata hivyo, dai hili huzua swali zito. Ikiwa mkosaji amesamehewa na Mungu bila malipo, je, yule aliyekosewa anabaki na nini? Mtumwa aliyeuzwa atapata wapi haki yake iwapo aliyemuuza anaimba kwamba amesamehewa?

Makala haya yananuia kulichunguza swali hilo kwa kuifuata dhana ya neema katika neno lenyewe, katika mfano na picha, katika wimbo na katika nathari ya Kiswahili. Hoja inayojengwa ni kwamba neema, jinsi inavyosawiriwa katika kazi bora za Kikristo, hufuta deni lakini haifuti ukweli. Aghalabu humwamsha aliyesamehewa aone madeni ambayo hapo awali hakuyajua.

Safari ya neno

Neno neema lilikuwepo katika Kiswahili kabla ya Biblia kutafsiriwa. Asili yake ni neno la Kiarabu ni'ma, lenye maana ya baraka, riziki au hali njema. Katika matumizi ya kawaida, mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mavuno, kinyume cha mwaka wa njaa. Vitenzi vilivyonyambuliwa kutokana nalo vinashuhudia jambo hili: kuneemeka ni kustawi, na kuneemesha ni kumpa mtu ustawi. Kwa Mwislamu, neema za Mwenyezi Mungu ni pamoja na afya, watoto, mvua na elimu, nazo ni nyingi kiasi kwamba binadamu hawezi kuzihesabu. Kinachotakiwa kwake ni shukrani. Si ajabu basi kwamba Neema ni jina la mtoto wa kike lililoenea Kenya, Tanzania na mashariki mwa Kongo.

Kwa upande mwingine, neno la Kiyunani katika Agano Jipya ni charis. Lilikuwa na maana pana: uzuri unaovutia, hisani, zawadi, na pia shukrani ya anayepokea zawadi hiyo. Paulo alilichukua neno hili la kawaida akalitwika uzito mpya. Katika nyaraka zake, hasa Waraka kwa Warumi na ule kwa Waefeso, charis ni kibali ambacho Mungu humpa mtu asiyestahili, tena kabla hajafanya lolote la kumfanya astahili.

Wafasiri wa Kiswahili walikuwa na maneno kadhaa mkononi. Rehema ilikuwepo, lakini huelekea zaidi kumwepushia mtu adhabu anayostahili, ilhali charis humpa mtu kheri asiyostahili. Fadhila ilikuwepo pia, lakini ina harufu ya mkubwa na mdogo. Mfadhili husubiri ahsante, naye asipoipata hulalama kwamba fadhila za punda ni mateke. Upendeleo nao una kasoro kubwa zaidi, kwani katika masikio ya leo humaanisha dhuluma ya kumpa mtu nafasi iliyo haki ya mwingine. Tafsiri ya Muungano ya mwaka wa 1952, iliyosomwa na vizazi vingi vya Waprotestanti wa Afrika Mashariki, ilishikilia neema, na Wakatoliki vilevile hutumia neno hilo katika sala na katekisimu zao.

Uteuzi huo ulikuwa na faida na hasara. Faida yake ni kwamba neema ya Kiswahili tayari ilikuwa na taswira ya mvua. Mvua hainyeshi kwa kuangalia shamba ni la nani. Humlowesha mwema na mwovu. Hasara yake ni kwamba neno halikuacha mizigo yake ya zamani nyuma. Katika mazungumzo ya kila siku, aliyeneemeka ni mtu mwenye mali. Kwa hiyo, neno moja limebeba maana mbili zinazoweza kupingana: neema kama wingi wa vitu, na neema kama msamaha kwa asiyestahili. Maana hizi mbili zinaposhindana kinywani mwa mhubiri, aghalabu ile ya zamani hushinda, na suala hilo litarejelewa baadaye.

Mfano wa baba na mchoro wa Rembrandt

Injili zenyewe hazikufafanua neema kwa istilahi, ziliisimulia. Katika Mathayo sura ya 18, mtumwa mmoja anadaiwa talanta 10,000, kisha anasamehewa zote. Anapotoka nje anamkaba koo mwenzake anayemdai dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Msikilizaji wa wakati ule aliyafahamu mahesabu hayo bila kuelezwa: deni la kwanza lingehitaji mamilioni ya siku za kazi, la pili miezi michache. Kinaya cha hadithi kimo katika tofauti hiyo. Aliyesamehewa asichoweza kulipa anashindwa kusamehe kinacholipika, na mwishowe msamaha wake unatanguka.

Hata hivyo, mfano uliowavutia wasanii kuliko mingine yote ni ule wa mwana mpotevu katika Luka sura ya 15. Miongoni mwa waliouchora ni Rembrandt, Mholanzi aliyeaga dunia mwaka wa 1669. Mchoro wake mkubwa wa kurudi kwa mwana mpotevu, aliouchora katika miaka yake ya mwisho, umehifadhiwa katika jumba la Hermitage mjini Saint Petersburg, Urusi. Alipouchora, Rembrandt alikuwa amekwisha kufilisika na kuwazika mkewe na watoto wake kadhaa. Alijua maana ya kupoteza mali na maana ya kupoteza mwana.

Katika mchoro huo kijana amepiga magoti, kichwa chake kimenyolewa, nguo zimechakaa na kiatu kimoja kimemponyoka kikaacha unyayo wazi. Uso wake umezama kifuani mwa baba, hivi kwamba mtazamaji hawezi kujua kama analia kwa toba au kwa uchovu. Uso wa baba ni wa mzee ambaye macho yake yamechoka kungoja. Nuru kuu ya mchoro imeangukia paji lake na mikono yake miwili iliyotua juu ya mgongo wa mwanawe. Kijana alikuwa ametayarisha hotuba ya kuomba kazi kama kibarua, yaani alitaka kurejeshwa kwenye mizani ya jasho na ujira. Mikono ile imemnyamazisha kabla hajaimaliza.

Yafaa pia kumtazama mtu mwingine aliyesimama upande wa kulia. Amevaa joho jekundu kama la baba, amefumbata mikono, na nuru imemwangukia usoni. Wengi humtambua kuwa ndiye kaka mkubwa. Yeye ndiye msemaji wa methali zetu: amechumia juani miaka yote, mbona kivuli anapewa mwingine? Malalamiko yake si ya kipuuzi. Mali iliyotapanywa ilikuwa ya nyumba nzima, na mdogo wake hajarudisha hata senti. Luka anaimaliza hadithi bila kusema kama kaka aliingia karamuni au alibaki nje. Rembrandt naye anamwacha amesimama. Kwa mbinu hii, mfano na mchoro vinamgeuza msomaji awe kaka mkubwa na kumwachia uamuzi. Neema imesawiriwa kuwa furaha kwa mmoja na kashfa kwa mwingine, na sanaa iliyo aminifu haikificha kipengele hiki cha pili.

Mvutano wa mafundisho

Wanatheolojia walihangaika na kashfa hiyo kwa karne nyingi. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika Maungamo yake mwishoni mwa karne ya nne. Kitabu hicho kinamsawiri mtu anayeutaka wema lakini hawezi kuufikia mpaka asaidiwe. Mpinzani wake, Pelagio, aliona kwamba fundisho hilo lingewafanya watu wazembee. Mafundisho ya Pelagio yalikataliwa katika mtaguso wa Karthago mwaka wa 418, lakini hofu yake haikufa. Martin Luther alipozichapisha hoja zake 95 mwaka wa 1517, ugomvi ulihusu rehema zilizokuwa zikitolewa kwa malipo. Palipozuka mgawanyiko wa Waprotestanti na Wakatoliki, neema ilikuwa katikati ya mzozo. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg nchini Ujerumani, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni walitia sahihi azimio la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, wala si kwa stahili yake, na kwamba matendo mema ni matunda ya neema hiyo.

Tamko hilo ni muhimu, lakini bado liko katika kiwango cha nadharia. Ili kuona jinsi neema inavyokabiliana na dhuluma halisi, ni bora kuurejelea wimbo mmoja na mtunzi wake.

Wimbo wa nahodha

Wimbo wa "Amazing Grace" huenda ndio wimbo wa Kikristo unaojulikana zaidi katika lugha ya Kiingereza, na tafsiri zake za Kiswahili zimezoeleka makanisani. Mtunzi wake, John Newton, alizaliwa London mwaka wa 1725. Alikuwa baharia, na baadaye mfanyabiashara ya utumwa katika pwani ya Afrika Magharibi. Mwezi Machi 1748, merikebu aliyokuwa akisafiria ilikumbwa na tufani ikakaribia kuzama, naye akamlilia Mungu. Siku hiyo aliiadhimisha maisha yake yote kuwa mwanzo wa wongofu wake.

Wanaousimulia wimbo huu madhabahuni mara nyingi huishia hapo: tufani ikapiga, mwuza watumwa akaokoka, akaacha biashara yake, akaandika wimbo. Historia haikwenda hivyo. Baada ya wongofu wake Newton aliendelea na biashara ileile. Kati ya 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa. Aliwaongoza mabaharia wake katika ibada juu ya sitaha, na chini ya sitaha hiyo Waafrika walikuwa wamefungwa minyororo. Aliiacha bahari mwaka wa 1754 kwa sababu ya maradhi, si kwa sababu ya dhamiri. Mwaka wa 1764 alipata upadri katika Kanisa la Uingereza akatumwa mji mdogo wa Olney. Wimbo wake uliandaliwa kwa ibada ya Mwaka Mpya wa 1773 na kuchapishwa mwaka wa 1779 katika kitabu cha nyimbo alichokitoa pamoja na mshairi William Cowper.

Katika wimbo huo nafsineni inajitambua kuwa nyonge, iliyopotea na iliyokuwa kipofu. Utumwa hautajwi hata mara moja. Ni mwaka wa 1788 tu, miaka 40 baada ya tufani, ambapo Newton alichapisha kijitabu cha kuilaani biashara ya watumwa kwa kueleza aliyoyaona na kuyatenda, akikiri kwamba ungamo lake lilikuwa limechelewa. Alitoa ushahidi mbele ya watawala wa Uingereza na kumtia moyo William Wilberforce, mbunge aliyeongoza harakati za kuikomesha biashara hiyo. Newton alikufa Desemba 1807, mwaka uleule Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuipiga marufuku.

Je, ukweli huu unaufanya wimbo kuwa uongo? La hasha. Unaufanya uwe mzito zaidi. Taswira yake kuu ni ya kipofu aliyepata kuona, na maisha ya mtunzi yanaonyesha kwamba kuona huko hakukuja kwa siku moja. Aliona kwanza dhambi yake ya kufuru. Ilimchukua miongo kadhaa kuwaona watu waliokuwa chini ya sitaha. Ni kana kwamba neema ilimfikia mbele ya Mungu mwaka wa 1748, na deni lake kwa Waafrika akalifikia mwaka wa 1788.

Wimbo wenyewe ulivuka mipaka ya mtunzi wake. Mahadhi yanayotumika leo uliyapata Marekani, ambako maneno yake yaliunganishwa nayo mwaka wa 1835. Ubeti wa mwisho unaoimbwa na wengi siku hizi, unaotaja miaka elfu kumi ya kusifu mbinguni, si wa Newton. Katika riwaya ya Harriet Beecher Stowe kuhusu Mjomba Tom, iliyotoka mwaka wa 1852, maneno hayo yanaimbwa na Tom, ambaye ni mtumwa. Hivyo utungo wa nahodha wa utumwa ukajazilizwa kwa sauti ya mtumwa. Ni vigumu kuipata ishara ya kifasihi inayouzidi muungano huu.

Kwa mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili, kuna jambo jingine la kuzingatia. Wimbo wa Newton una mishororo ya mizani 8 na 6 kwa kupokezana, na mizani 8 ndiyo mizani ya kawaida ya utenzi. Kinadharia mfasiri angejihisi nyumbani. Lakini neno la Kiingereza la neema lina silabi moja tu, ilhali ne-e-ma lina tatu, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mshororo unaobeba maneno sita ya Kiingereza huweza kubeba matatu tu ya Kiswahili. Mfasiri hulazimika kuchagua kipi kibaki, na aghalabu kinachoachwa ni unyonge wa nafsineni. Neema inabaki, aliyehitaji neema anafifia. Hasara hiyo si ya kimuziki tu, bali ni ya kimaana.

Uhuru wa Watumwa: neema au ufadhili?

Ikiwa Newton ni sauti ya aliyeuza, fasihi ya Kiswahili inayo sauti ya waliouzwa. James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, alichapisha kitabu chake cha Uhuru wa Watumwa mwaka wa 1934. Kinasimulia jinsi watu walivyotekwa bara, wakapelekwa pwani, wakapakiwa majahazini, na hatimaye wakaokolewa na manowari za Waingereza na kupewa makazi Freretown, karibu na Mombasa. Makazi hayo yalianzishwa na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza katikati ya miaka ya 1870, baada ya mkataba wa 1873 uliolifunga soko la watumwa la Unguja. Kengele yake ndiyo iliyolipa jina eneo la Kengeleni.

Kitabu cha Mbotela kimejaa shukrani. Wahakiki wengi wamemlaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi na kuwachora Waarabu kuwa ndio waovu peke yao. Lawama hiyo ina msingi, lakini huenda dhana ya neema ikaifafanua zaidi. Katika kazi hii, muundo wa hadithi ya wokovu wa Kikristo umehamishiwa kwenye historia: wanyonge wamo gizani, hawana la kujiokolea, kisha mwokozi anatokea baharini. Nafasi ya Mungu inakaliwa na dola. Papo hapo neema inageuka kuwa ufadhili, na aliyekombolewa anakuwa mdaiwa wa shukrani isiyokwisha.

Tofauti kati ya neema na ufadhili hudhihirika pale aliyepewa anapotaka kusema kinyume na aliyempa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, uongozi wa Freretown ulilaumiwa kwa kuwachapa viboko wakazi wake, watu walewale waliohubiriwa kwamba wamewekwa huru. Mwana wa Luka alivikwa joho na pete. Huko Freretown, mkombolewa alipewa uhuru na kiboko kwa pamoja.

Zaidi ya hayo, ukikisoma kitabu cha Mbotela ubavuni mwa maisha ya Newton, picha nzima inageuka. Manowari zilizoyakamata majahazi ya watumwa zilitoka katika nchi ambayo, karne moja awali, merikebu zake zilijaa watumwa. Kilichoitwa hisani upande wa Bahari ya Hindi chaweza kuitwa malipo ya sehemu ya deni upande wa Atlantiki. Mahesabu ya deni hilo nayo yalifanywa kinyume. Sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo ikaenda kwa mabwana. Mwanzoni mwa 1889, watumwa wapatao 1,400 waliokuwa wamekimbilia Rabai na misheni za jirani walipewa uhuru, na hapo pia waliolipwa walikuwa mabwana. Mtumwa hakudaiwa kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa ahueni kubwa. Lakini miaka yake ya kazi ya bure haikuhesabiwa na yeyote. Neema isiyouliza swali hilo haijafika mwisho wa safari yake.

Ungamo na urejeshaji

Kuna sura nyingine katika historia ya Ukristo wa Afrika Mashariki iliyolikabili swali la deni moja kwa moja. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ulienea hadi Kenya na Tanganyika, ukiwa na wimbo wake mashuhuri wa Kiganda, "Tukutendereza Yesu". Ndugu wa Uamsho walisisitiza kwamba wokovu ni wa neema tupu. Hata hivyo, aliyeokoka alisimama mbele ya wenzake akayataja makosa yake waziwazi, na aliyeiba alirudisha alichoiba. Hawakudai kwamba kurudisha kunanunua msamaha. Mtu alirudisha kwa kuwa amesamehewa. Wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950, wengi wao walikataa kula kiapo na vilevile wakakataa kubeba bunduki za serikali, na baadhi waliuawa.

Kumbukumbu ya Wakristo waliouawa miaka hiyo imo katika kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo huko Murang'a. Kuta zake zina michoro mikubwa ya Elimo Njau, msanii mzaliwa wa Tanganyika, aliyeisawiri hadithi ya Yesu kwa watu na mandhari ya Kiafrika. Rembrandt aliyaweka masimulizi ya Injili katika nuru na giza la Uholanzi. Njau aliyaweka katika migongo ya vilima vya Agikuyu, mahali ambapo damu ilikuwa imemwagika juzi tu. Kwa waumini waliokalia viti vya kanisa hilo, msamaha haukuwa dhana ya vitabuni. Walijua ni nani jirani aliyehitaji kusamehewa na kwa lipi.

Neema ya bei rahisi na neema ya mafanikio

Katika zama hizi dhana ya neema inakabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ilitajwa na Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani, katika kitabu chake cha mwaka wa 1937 kuhusu ufuasi. Aliishutumu neema ya bei rahisi, yaani msamaha usiodai toba wala mabadiliko, akaitofautisha na neema ya thamani, ambayo humgharimu mtu maisha. Yeye mwenyewe alinyongwa na utawala wa Wanazi mwezi Aprili 1945. Neema ya bei rahisi husikika kila mara mkosaji mwenye nguvu anapowataka aliowadhulumu wasahau yaliyopita, ilhali yeye hajayataja.

Mfano wa kinyume chake ulionekana Charleston, Marekani. Mwezi Juni 2015, Wakristo tisa weusi waliuawa kwa risasi kanisani wakiwa katika funzo la Biblia. Siku mbili baadaye, baadhi ya jamaa zao walimwambia mshukiwa mahakamani kwamba wanamsamehe. Rais Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, alihutubu katika mazishi ya mchungaji wa kanisa hilo, mada yake ikiwa neema, na katikati ya hotuba akauanzisha wimbo wa Newton. Kesi iliendelea, na Januari 2017 mahakama ikatoa hukumu yake. Msamaha uliotolewa na waliofiwa haukuzuia ukweli kusemwa, wala haukuombwa na muuaji. Ulikuwa zawadi, na zawadi haitozwi kwa nguvu.

Hatari ya pili imo ndani ya neno lenyewe, kama ilivyodokezwa awali. Katika mahubiri ya mafanikio yaliyoenea mijini, neema imerudi kwenye maana ya kuneemeka. Muumini huambiwa apande mbegu, yaani atoe fedha, ili avune nyumba, gari au safari ya ng'ambo. Mizani ya jasho na ujira, ambayo neema ilikuja kuiondoa, inarudishwa madhabahuni kwa jina la neema. Anayefaidi huonekana kuwa ana kibali cha Mungu, na maskini hujiuliza amekosa wapi. Mwislamu mwenye kulitumia neno hili kwa maana ya riziki inayodai shukrani amelitendea haki kuliko mhubiri anayeligeuza kuwa biashara.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba neema ni neno lililopewa mzigo mpya bila kuuacha ule wa zamani. Mfano wa Luka na mchoro wa Rembrandt vinaisawiri kuwa zawadi inayomkwaza aliyechumia juani. Maisha ya Newton yanadhihirisha kwamba msamaha unaweza kuja kwa usiku mmoja, ilhali macho huchukua miaka 40 kufunguka. Kitabu cha Mbotela, kikisomwa sambamba na maisha hayo, kinamtahadharisha msomaji asichanganye neema na ufadhili, wala malipo ya deni na hisani. Ndugu wa Uamsho nao walitoa jibu la vitendo: aliyesamehewa hurudisha.

Kwa msingi huu, methali ya dawa ya deni haipingani na neema kama inavyodhaniwa. Deni la binadamu kwa Mungu, kwa mujibu wa imani ya Kikristo, halilipiki, na limefutwa. Deni la binadamu kwa binadamu mwenzake ni dinari 100: linahesabika, lina jina la mdai, na mara nyingi mdai huyo bado yu hai, au wapo watoto wake. Watafiti wa Kiswahili wana kazi kubwa mbele yao ya kuzichunguza nyimbo za ibada, mahubiri na nathari za mapema za lugha hii ili kubaini ni neema ipi inayozungumziwa. Maadamu neno ni moja na maana ni mbili, uchunguzi huo si wa anasa. Unawahusu wote waliowahi kusamehewa, na wote wanaongoja kurudishiwa.